Taka Zinazonukia Sabuni

Chupa ya kwanza ilikataa kuchafuka. Dobi aliipaka tope ubavuni, tope likateleza na kurudi kwenye beseni, chupa ikabaki inang'aa kama imetoka dukani. Akaipaka tena, safari hii akikandika kwa viganja vyote viwili, akaiinua juani kuitazama. Bado. Juu ya kichwa chake shuka za watu zilikuwa zimeanikwa, nyeupe pe, na chini yake mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwaminia nguo zake za harusi na za msiba alikuwa amekaa kwenye kigoda, akifanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu azaliwe. Alikuwa anachafua vitu safi.

"Nimefikia huku," alijisemea.

Chupa alizipata mgahawani, anakofulia vitambaa vya meza. Alizizoa nyuma ya jiko, gunia zima, akazibeba mpaka nyumbani, na hapo mikono yake ikafanya ilichozoea. Kabla akili haijashituka alikuwa ameshazisuuza zote kwa maji ya sabuni, ndani na nje, amezibandua na vikaratasi vyake. Ndipo akakumbuka kwamba zilitakiwa ziwe chafu. Alicheka peke yake mpaka akajishika mbavu. Halafu kicheko kikamwisha, akachukua ndoo kwenda kuchota tope.

Msomaji atauliza, mtu mzima na akili zake timamu anazipaka chupa tope kwa sababu gani? Sababu ilikuwa saa moja tu ya Jumamosi alasiri.

Mtaani kwao palikuwa na kinu cha zamani cha kusaga nafaka, jengo la bati ambalo mashine yake ilikufa siku nyingi. Wakazi walilifagia, wakalipaka chokaa, wakaingiza humo kompyuta kuukuu ambazo ofisi fulani ilikuwa inazitupa. Aliyezifufua ni kijana fundi waliyempa jina la Waya, kwa sababu hajawahi kuonekana mfukoni hana kipande cha waya. Chumba kikaitwa Kinuni, na mtu akisema anakwenda Kinuni hakuna anayedhani amebeba mahindi. Nyuma ya Kinuni kilipita kijito, na siku hizo kijito kilikuwa aibu. Maji yalikuwa meusi, mifuko imening'inia kwenye vichaka, na harufu yake iliingia mpaka kwenye chai.

Wakazi walikaa wakakubaliana. Hapa hapalipiwi pesa. Anayetaka saa moja ya kompyuta alete gunia moja la taka kutoka kijitoni, lenye tope lake, ili ijulikane limetoka majini na si jalalani kwake. Gari la wasaga plastiki likija kununua magunia, pesa yake inalipia umeme na mtandao. Ulikuwa mpango mzuri na watu waliupenda. Wanafunzi waliingia kijitoni na sare zao, kinyozi aliingia na koti lake la kazini, wazee wakatafuta fimbo zenye ndoano. Kijito kikaanza kupumua. Samaki wadogo wakaonekana, na watoto wakawazulia majina.

Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja taka zingekwisha.

Zilikwisha. Kipande chao cha kijito, kuanzia Kinuni mpaka kwenye shamba la migomba, kilibaki maji na mawe. Zilizosalia zilikuwa juu huko, kupita daraja, kwenye ukingo mkali wenye miiba. Vijana walipanda na kushuka bila taabu. Dobi alikuwa na goti bovu. Alijaribu mara moja akateleza, akarudi nyumbani na gunia tupu na kanga iliyochanika, na Jumamosi hiyo hakwenda Kinuni.

Jumamosi hiyo mdogo wake alimsubiri bure.

Hili ndilo jambo ambalo mtaa haukulijua, maana majirani wa zamani walikwishahama. Dobi alikuwa na mdogo wake wa kiume, seremala katika mji wa mbali, na mdogo wake huyo hasikii. Hakuzaliwa hivyo, aliugua akiwa bado anatambaa. Walikua wawili, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwafundisha, walijitungia lugha yao wenyewe, ya vidole, nyusi na mabega. Mama yao aliiogopa lugha hiyo. Watoto wa jirani walikuwa wakiiga mikono ya mwanawe huku wakicheka, basi mama akapiga marufuku: mbele za watu, mikono itulie. Wakawa wanazungumza nyuma ya shuka zilizoanikwa. Huko ndiko dobi alikojifunza kupenda shuka.

Mdogo wake alipohama kufuata kazi, ikawa kama amefariki. Simu ya nini kwa mtu asiyesikia? Barua hawakupatana nazo, maana wote wawili kalamu iliwapiga chenga. Miaka ikapita kwa salamu za kuletwa na watu, "mdogo wako mzima, anakusalimu," na basi. Mpaka Kinuni ilipofunguliwa na dobi akasikia kwamba kompyuta ina jicho. Alimuuliza Waya mara tatu kama jicho hilo linaonyesha na mikono. Mara ya kwanza alipomwona mdogo wake kwenye skrini, na vumbi la mbao kwenye ndevu ambazo hakujua kama anazo, alilia mpaka mdogo wake akamkemea kwa vidole: acha kulia, sikuoni vizuri.

Tangu hapo Jumamosi alasiri ilikuwa yake. Alichagua kompyuta ya pembeni, yenye skrini inayotazama ukuta, na hakuvaa vifaa vya masikioni. Waliomwona kwa nyuma waliona mabega tu yakichezacheza. "Dobi huyo," kinyozi alizoea kusema, "hata kompyuta anaifua." Watu wakacheka naye akacheka, na hakueleza. Mikono ilikuwa imeambiwa itulie zamani sana, na marufuku ya mama haifi na mama.

Jumamosi hiyo ya chupa alijikaza kisabuni, akabeba gunia lake mpaka Kinuni.

Waya alikuwa mlangoni na mizani ya kuning'iniza. Ndani, muuza maziwa alikuwa ameinamia kibodi akiandika kwa kidole kimoja, na kinyozi alikuwa anatazama mitindo ya nywele ambayo hakuna mteja wake angekubali kunyolewa. Ile kompyuta ya pembeni ilikuwa imeshawashwa.

"Shikamoo shangazi. Nimekuwashia mapema leo."

"Marahaba mwanangu. Ahsante."

"Umepata wapi gunia zima? Wenzako wanatoka huko na mifuko miwili mitatu."

"Nimetafuta."

Waya alifungua gunia, akatoa chupa moja. Aliigeuza, akakwangua tope kwa ukucha. Akaifungua kizibo na kuchungulia ndani, halafu akafanya kitu ambacho dobi hakukitegemea. Akainusa.

Dobi alihisi uso unamchoma.

Waya akatoa ya pili. Akainusa. Alishusha sauti ili waliomo ndani wasisikie. "Shangazi, taka zako zinanukia."

"Zinanuka, unataka kusema."

"Hapana. Zinanukia. Sabuni ya mche, na buluu kidogo."

Hapo uongo wote aliokuja nao ukamtoka kichwani. Alikuwa amejiandaa kusema amevuka daraja, amejiandaa hata kutaja mwiba uliomchoma.

"Nimezitoa mgahawani," alisema mwishowe. "Tope nimelipaka mimi."

Waya alikuna kichwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyemkuta mamaye amepanda mti. "Wasaga plastiki hawatajali. Kwao chupa ni chupa. Lakini shangazi, kama mambo ndiyo haya, mwingine kesho ataona ni rahisi kumwaga zake kijitoni halafu aziokote. Tutakuwa tunachafua ili tusafishe."

"Najua."

"Ungeniambia tu unataka kukaa bure. Una shida gani? Unatazama nini pale pembeni?"

Jibu lilikuwa fupi. Mdogo wangu hasikii. Maneno matatu, na kinyozi alikuwa ameshageuza kichwa, na muuza maziwa kidole chake kilikuwa kimesimama hewani. Dobi aliona watoto wa jirani wa zamani, mikono yao ikiiga, na akaona uso wa mama yake.

"Sitazami kitu," alisema. "Kanuni ni kanuni. Baki na saa yako, mwanangu."

Akageuka akaondoka. Waya alimwita, hakugeuka.

Nyumbani shuka zilikuwa zimekauka. Alianza kuzianua moja moja, akizikunja pembe kwa pembe, na hakuona anachokunja. Saa yenyewe ilikuwa imewadia. Huko mbali mdogo wake alikuwa ameshanawa mikono, ameshaazima simu kubwa ya bosi wake na kuiegemeza kwenye randa, amekaa. Jumamosi ya pili sasa. Atadhani nini? Atadhani amechokwa. Mtu aliyeachwa nje ya mazungumzo maisha yake yote haoni ajabu kuachwa tena. Wazo hilo lilimuuma dobi kuliko aibu ya chupa, likamkalisha chini kwenye kigoda, shuka ya watu mapajani.

"Shangazi! We shangazi!"

Ni muuza maziwa, anahema, amekuja mbio na mwili wake wote ule. Alijigonga na kamba ya nguo, akaomba radhi kwa kamba.

"Kuna mtu kwenye kompyuta yako! Imelia, ikalia, Waya akaona aipokee kwa heshima. Ametokea baba mmoja wa ndevu. Tumemwambia haloo mpaka koo zimekauka. Hasemi! Anagonga kifua, anaonyesha pembeni, anavuta sikio. Waya keshabadilisha spika mara mbili, anasema zimekufa."

Dobi alisimama. Shuka ilianguka kwenye vumbi na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi hakuiokota.

"Spika hazijafa," alisema. "Yule ni mdogo wangu. Hasikii." Na kwa kuwa yalikuwa yameshatoka, akayatoa mengine. "Hajasikia tangu mtoto. Tunasema kwa mikono."

Muuza maziwa alimtazama kinywa wazi. Dobi akasubiri kicheko.

"Sasa tunasimama hapa tunafanya nini?" akafoka muuza maziwa. "Mtu anakusubiri!"

Kinuni walikuta kompyuta ya pembeni imegeuzwa, skrini inatazama chumba kizima, na Waya yumo chini ya meza na bisibisi. Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya kamera akitabasamu kwa meno yote, maana hakujua la kufanya, na mtu wa ndevu upande wa pili alikuwa anamtazama kwa subira ya mtu aliyezoea kutabasamiwa. Alipomwona dada yake nyuma ya bega la kinyozi, mabega yake yalishuka.

Unaumwa? mikono yake iliuliza.

Kompyuta haikuwa inatazama ukuta. Chumba kizima kilikuwa nyuma yake. Dobi aliinua mikono, na mikono ikawa mizito kama nguo zilizolowa. Kisha akapiga moyo konde.

Siumwi, alijibu. Nimedanganya watu.

Akageuka nusu, akaona si haki kuwaacha nje ya maneno yanayowahusu. "Namwambia nimewadanganya," alisema kwa sauti. "Gunia nililoleta leo si la kijitoni. Chupa ni za mgahawani, tope ni la kwangu."

Waya alikuwa anajifanya anafunga skrubu.

"Mwambie hukuwa peke yako," alisema muuza maziwa ghafla, na uso ukamwiva. "Langu la wiki iliyopita nililitoa kwenye pipa la mtaa wa pili. Nililiburuta majini, nikalitoa."

"Bwana wewe!" kinyozi alimaka.

"Na nywele zilizokuwa ndani ya gunia lako, kinyozi, nazo zilielea na mto?"

Hata Waya alicheka, akatoka chini ya meza na utando wa buibui kichwani. Dobi aliyatafsiri yote kwa vidole, mpaka nywele za kinyozi, na seremala kwenye skrini alitikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

"Basi gunia limekufa," alisema Waya. "Linatufundisha uongo. Tuhesabu kazi. Mtu akipanda nyasi ukingoni, ni saa. Akienda kule juu kuzungumza na wanaotupa, ni saa."

"Na nani atapima maneno?" aliuliza kinyozi. "Mimi nikizungumza mchana kutwa nitahamia humu."

"Tutaliweka mkutanoni. Shangazi, saa hii ya leo utaifanyia kazi kule darajani, nitakushika mkono kwenye ukingo. Sasa ongea na mtu wako."

Lakini mtu wake alikuwa anauliza jambo. Vidole vyake vilikwenda haraka, nyusi zimepanda. Kwa nini mdanganye? Kijito kile kina taka za kutosha dunia nzima.

Hakina, alijibu dobi. Tumezimaliza.

Mdogo wake aliipungia hewa mkono, ishara ambayo haihitaji mkalimani.

"Anasema nini?" aliuliza Waya.

"Anasema natia chumvi. Anakijua kijito hiki tangu utotoni. Kiliwahi kumnyang'anya kiatu, hakukiona tena kwa weusi wa maji."

Waya aliitazama kompyuta, akautazama mlango wa nyuma, akaingiza mkono mfukoni. Vipande vya waya vikatoka, vikaunganishwa na vingine kutoka sandukuni. Kinyozi alibeba skrini kifuani kama anabeba mtoto mchanga, muuza maziwa akabeba sanduku la mashine, na msafara ukatoka nyuma taratibu, Waya akiwaongoza kinyumenyume na kuwasihi wasikanyage nyaya. Ziliishia hatua chache nje ya kizingiti. Zilitosha. Kamera ikageuzwa.

Jua la alasiri lilikuwa kwenye maji. Mawe ya chini yalionekana, ya kahawia na ya kijivu, na vile visamaki vya majina ya kuzuliwa vilikuwa vimejipanga dhidi ya mkondo.

Seremala alisogeza uso mpaka ukajaa skrini. Alitazama. Kisha akainuka na kuondoka, kikabaki kiti kitupu na ukuta wenye misumeno.

"Tumemuudhi?" aliuliza kinyozi, skrini ikianza kumlemea.

Dobi alikiangalia kile kiti. Pengine alikosea kumwonyesha kijito ambacho hakikumfanyia wema wowote.

Seremala alirudi akiwa amemshika mtu mkono, na mwingine akimfuata, na wa tatu bado na penseli sikioni. Wenzake wa karakana. Aliwabana mbele ya skrini, akawaonyesha maji, na mikono yake ikaanza kueleza: hapo ndipo kwetu, hapo ndipo kiatu, hapo palikuwa peusi. Dobi aliyaona yote. Na aliona kitu kingine, polepole, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa katika chumba cha wageni. Wale watu walikuwa wanamjibu. Yule wa penseli aliuliza kwa vidole kiatu kilikuwa cha mguu gani. Walikosea hapa na pale, vidole vyao vilikuwa vinene na vya haraka, lakini ilikuwa ile ile. Ilikuwa lugha ya nyuma ya shuka, imetoka nje, imezoea mwanga, inatumiwa na mafundi mbao kutaniana kazini.

Miaka yote hiyo yeye alikuwa anaificha. Mdogo wake alikuwa anaifundisha.

Seremala alimwelekeza kidole dada yake. Yule wa penseli akamtazama dobi, akatabasamu, akashika ncha ya sikio lake na kulivuta mara mbili.

"Ndivyo alivyokuwa anafanya tangu mwanzo!" alisema muuza maziwa. "Analivuta sikio. Ana maana gani?"

Dobi alijifuta machozi kwa mkono wenye tope bado chini ya kucha.

"Ni mimi," alisema. "Ndilo jina langu. Alinipa yeye, kwa sababu nilikuwa nasikia kwa niaba ya wote wawili."

Maji yalipita. Waya aliitazama ile mikono kwenye skrini, akatazama ya kwake, akaisugua kwenye suruali kuondoa vumbi.

"Shangazi," alisema, "nikitaka kumwambia karibu, nafanyaje?"

Alimwonyesha. Waya akajaribu, vibaya mno, na upande wa pili watu wanne wakacheka bila sauti moja kusikika. Dobi akavishika vidole vya yule kijana, akakishusha kimoja, akakinyoosha kingine.

"Tena," alisema. "Na usiangalie mkono. Mwangalie yeye."